Kabla ya Kupamba Sebule, Tutazame Jikoni



Sala ya jumuiya ikimalizika na chai ikianza kuzunguka, mazungumzo huhamia upesi kwenye mambo ya nyumbani. Nani amebadilisha mabati. Nani ameweka dari la jipsamu sebuleni. Unga wa mashine ipi ni mweupe zaidi. Maharage ya msimu huu yanaiva upesi au yanamaliza mkaa. Sisi wa ukurasa huu tumekaa katika mazungumzo hayo mara nyingi, nasi tunayapenda, kwa sababu kila mmoja husema alichokiona nyumbani kwake.

Hata hivyo tumetambua jambo moja. Chakula huzungumzwa peke yake, na nyumba huzungumzwa peke yake. Ni mara chache tunazungumzia chumba ambamo vitu hivi viwili hukutana kila siku, yaani chumba cha jiko.

Hivi karibuni tulikaribishwa katika familia moja ambayo hatutaitaja. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, na sebule ilikuwa na marumaru zinazong'aa. Nyuma ya nyumba palikuwa na kibanda cha mabati makuukuu kisicho na dirisha. Humo mama alikuwa akipika kwa kuni, macho yakimtoka machozi, na mtoto wa miezi minane mgongoni akikohoa. Mtoto huyo alikuwa amelazwa mara mbili kwa nimonia katika mwaka wake wa kwanza. Tulipouliza kuhusu jiko, baba alijibu kwa upole kabisa, "Lile ni la kupikia tu. Wageni hawafiki kule."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Ni kweli kwamba wageni hawafiki jikoni. Lakini mama hukaa humo saa nyingi kila siku, na mtoto mchanga hukaa pamoja naye.

MOSHI UNAFANYA NINI?

Wengi wetu tumekulia katika moshi, na tumeuzoea. Twasema, "Mbona bibi alipika kwa mafiga na akaishi miaka tisini?" Ni kweli, bibi alipona. Lakini tukimwuliza vizuri, atatuhesabia pia wale ambao hawakupona.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Kati yao walikuwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5. Shirika hilo linaeleza kwamba mtoto anayeishi katika moshi wa jikoni ana hatari karibu mara mbili ya kupata maambukizi ya mapafu. Kwa watu wazima, moshi huo huongeza magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, kikohozi cha kudumu na mtoto wa jicho.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kuni zisipoungua vizuri hutoa chembe ndogo sana za masizi, ndogo kuliko vumbi tunaloliona kwenye mwanga wa jua. Chembe hizo hupita puani, hupita kooni, na kufika ndani kabisa ya mapafu. Mapafu ya mtoto bado yanakua, na yeye hupumua haraka kuliko sisi. Kwa hiyo huvuta moshi mwingi kuliko tunavyodhani.

MKAA NA HEWA ISIYOONEKANA

Wapo wanaosema, "Sisi tunatumia mkaa, hauna moshi." Ndugu zetu, tahadhari! Mkaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala huivuta bila kujua, damu yake hushindwa kubeba hewa safi, naye huweza kufa usingizini.

Kila majira ya baridi, hasa nyanda za juu, ziko familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Tunaomba desturi hiyo ikome. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata kama mkaa umefunikwa na majivu, hata kama ni kwa nusu saa. Ongezeni blanketi.

MOSHI ULIKUWA NA KAZI YAKE

Tusiwalaumu wazee wetu. Katika sehemu nyingi, moshi wa jikoni ulikuwa na kazi yake. Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya mafiga, na gunia la chakula lilikaa darini. Joto liliyakausha, na moshi ukawafukuza wadudu.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea zinapoboresha nyumba. Wanajenga jiko jipya lisilo na dari ya moshi, halafu magunia ya mahindi yanahamia kwenye kona ya chumba, juu ya sakafu ya saruji, hata kabla hayajakauka. Nyumba inapendeza, lakini mahindi yanaota ukungu.

Baadhi ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, au aflatoksini. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ya kuishi kulikuwa miongoni mwa sababu. Hapa Tanzania, mwaka 2016, watu 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Hata asiyekufa leo, akila sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka, huweza kupata saratani ya ini.

Kupika hakuiondoi sumukuvu. Ugali hata uive namna gani, sumu hubaki. Mahindi yenye ukungu tusiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu huingia katika maziwa tutakayokunywa. Tusiyatie katika pombe pia.

Basi, anayeondoa moshi jikoni hana budi kuyatafutia mahindi mahali pengine pa kukaa. Yaanikwe juu ya turubai au mkeka, yasianikwe juu ya udongo mtupu. Gunia liwekwe juu ya kichanja cha mbao, mbali na ukuta. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inasaidia sana, lakini ni kwa mahindi yaliyokwisha kukauka tu.

Je, tutajuaje kama yamekauka? Ipo njia rahisi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia mahindi hadi robo ya chupa, kisha vijiko vichache vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika chache, halafu iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Chumvi ikibaki chini, yamekauka kiasi cha kuhifadhiwa.

SEMBE AU DONA?

Swali hili halikosekani baada ya jumuiya, na huleta vicheko. Wengine wanaona aibu kumwekea mgeni ugali wa dona. Tukumbuke kwamba sembe ni nyeupe kwa sababu ganda na kiini vimeondolewa, na humo ndimo zinamokaa sehemu kubwa ya mafuta, vitamini, madini na nyuzinyuzi. Kwa lishe, dona ni bora.

Lakini tuseme ukweli wote. Sumukuvu nayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Dona ya mahindi yaliyoota ukungu ni mbaya kuliko sembe yake. Kwa hiyo anayekula dona achambue mahindi kabla ya kupeleka mashineni, aondoe yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na yaliyotobolewa. Pia asage kidogo kidogo, unga wa wiki mbili tatu, maana dona haikai muda mrefu kabla ya kuchacha kwa sababu ya mafuta yake.

MAHARAGE NA MZIGO WA KUNI

Familia nyingi siku hizi zina mtungi mdogo wa gesi. Chai hupikwa kwa gesi, lakini maharage yanarudi kwenye kuni, kwa kuwa tunaogopa kumaliza mtungi. Hivyo moshi wa saa mbili tatu kwa siku unabaki pale pale.

Hapa uamuzi wa chakula unasaidia uamuzi wa nyumba. Loweka maharage tangu jioni. Asubuhi mwaga maji yale, weka mengine, chemsha kwa nguvu, kisha funika sufuria na upunguze moto. Muda wa kupika hupungua sana, na haja ya magadi hupungua pia; magadi huharibu baadhi ya vitamini. Pika maharage ya siku mbili kwa mara moja kama mnaweza kuyahifadhi vizuri na kuyachemsha tena kabla ya kula. Walio na umeme wa uhakika wafikirie sufuria ya presha ya umeme. Inaivisha nusu kilo ya maharage kwa umeme usiofika uniti 1.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Ni lengo jema. Lakini mtoto aliye mgongoni leo, mwaka 2034 atakuwa amekwisha kuanza shule ya msingi. Hawezi kusubiri.

TUANZIE WAPI?

Tunapendekeza hatua hizi, kuanzia isiyo na gharama:

1. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupika kwa kuni. Baba, dada au kaka ampokee kwa saa hiyo moja.

2. Kuni zipasuliwe ndogo na zikaushwe kabla ya kutumika. Kuni mbichi ni moshi mtupu.

3. Toboeni madirisha mawili yanayotazamana, na acheni uwazi juu, kati ya ukuta na paa. Hewa iingie upande mmoja na moshi utoke upande wa pili.

4. Jengeni jiko banifu la udongo au matofali, lililoinuliwa kutoka chini. Hula kuni chache, na mtoto anayetambaa haungui wala hamwagikiwi na uji wa moto.

5. Mkiweza, wekeni dohani. Ipande juu kuliko paa, na masizi yaondolewe mara kwa mara. Dohani iliyoziba hurudisha moshi ndani.

6. Mkiwa na gesi, mtungi usimame wima mahali penye hewa. Mkisikia harufu yake, fungeni mtungi, fungueni milango, na msiguse swichi ya umeme.

7. Jengeni kichanja cha vyombo nje juani, na mahali pa kunawia mikono karibu na mlango wa jiko.

Hatua tano za mwanzo zinaweza kufanywa kwa udongo, matofali na nguvu za jirani, kwa fedha ndogo kuliko marumaru za sebule.

MTOTO AKIKOHOA

Wazazi wajue dalili za hatari. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Anapumua haraka mno ikiwa ni:
– pumzi 60 au zaidi, kwa mtoto chini ya miezi 2;
– pumzi 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
– pumzi 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amelegea, au amepata degedege, msisubiri hata asubuhi.

MANENO YA MWISHO

Wasomaji wetu wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakazungumza, halafu wakaamua. Waliinuka na kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mazungumzo yao yalizaa kazi.

Yetu nayo yanaweza. Safari ijayo, baada ya kusifu dari la jipsamu, mtu mmoja aulize, "Na jikoni mnaendeleaje?" Halafu tupange Jumamosi moja twende kwa mama mjane au kwa wazazi wenye mtoto mchanga, tutoboe dirisha na kujenga jiko.

Kuhusu ile familia tuliyoitembelea, baba alitupigia simu wiki tatu baadaye. Alisema amebomoa ukuta mmoja wa kibanda na kuweka dirisha la wavu, na kwamba sasa yeye ndiye anayembeba mtoto wakati wa kupika ugali wa jioni. Akaongeza kwamba siku ya kwanza aliingia humo kupika mwenyewe, akatoka baada ya dakika kumi akipangusa macho. "Sikuwa najua," alisema.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Baba na mama, kaeni jioni hii mhesabu fedha mlizotenga kwa ajili ya nyumba, na mwanzie jikoni.

Tukutane toleo lijalo.