Gala imeisha, mutoto atasoma miaka ngapi?

Bandugu, kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa tunaanza kuona mialiko: gala ya kuchangia masomo ya watoto wa familia maskini. Ukumbi mzuri kule Nguba, tiketi, suti, picha. Sisemi ni vibaya. Mimi pia nilikuwa ndani ya komite moja, na ni pale nilielewa hesabu ambayo wengi wetu hatufanyi.

Wengine wanauliza: si masomo iko bure? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za serikali. Utekelezaji wenyewe ulianza Septemba 2019. Ila bure hiyo inaishia darasa la sita. Mutoto akiingia la saba, mzazi anarudi kwenye minervali, na mwaka wa mwisho anaongeza pesa ya Exetat. Ndiyo maana kule Kadutu ao Bagira utakutana na watoto wenye yunifomu barabarani saa tatu ya asubuhi. Hawakutoroka: wamefukuzwa juu ya minervali.

Sasa hesabu. Tuseme tumeuza tiketi 150 kwa dola 20, tumepata 3,000. Ni mfano, lakini hauko mbali na yale tuliyoishi. Ukumbi, chakula, vinywaji, muziki, jenereta (umeme wa Bukavu munaujua) vinakula 1,700. Inabaki 1,300. Kama mutoto mmoja anahitaji dola 150 kwa mwaka, tunasomesha wanane, watu wanapiga makofi. Lakini toka darasa la saba mpaka Exetat ni miaka sita. Sita mara 150 ni 900. Kwa hiyo gala ile nzima inafikisha mutoto mmoja kwenye diploma, na chenji kidogo.

Halafu kuna ahadi. Mtu anashika mikrofoni, anasema "mimi natoa mia mbili", ukumbi unapiga vigelegele. Kesho yake simu haipokelewi. Komite nzuri inahesabu tu makuta iliyoisha kuingia mkononi. Na tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu na benki kufunga milango, hata mwenye nia nzuri alijikuta hawezi kutoa akiba yake.

Sisi tulichukua wanane. Mwaka uliofuata hali ya mji haikuruhusu gala. Mama mmoja alikuja kutuona, akasema polepole, bila hasira: "Mwaka jana mulilipa. Uyu mwaka banamufukuza. Nimuambie nini?" Hatukuwa na jibu. Kuna aibu ambayo picha za gala hazionyeshi.

Kuna waliofanya vingine. Noella Coursaris Musunka, mzaliwa wa Lubumbashi, alianzisha shirika la Malaika mwaka 2007. Shule yake ya Kalebuka, pembeni ya Lubumbashi, ilifunguliwa 2011, na wasichana wanasoma bure mpaka sekondari. Huko pia wanaomba wafadhili, hata nje ya nchi. Tofauti ni kwamba msichana akiingia, mpango unahesabu miaka yake yote, si ule wa kwanza peke yake.

Kwa hiyo ukiletewa tiketi, uliza mambo mawili bila haya: mtabakiza ngapi baada ya gharama, na mtoto mutamubeba mpaka darasa gani? Uliza pia kama pesa inalipwa shuleni moja kwa moja, na risiti iko wapi. Kama komite inakasirika, hilo nalo ni jibu.

Sisi tulikaa tena, bila ukumbi, kila mmoja na kidogo chake cha mwezi kwa M-Pesa ao Airtel Money. Tulikuta tunaweza kubeba wawili mpaka mwisho. Wawili tu, na wako darasani. Wazazi wa wale sita wengine hawatupigie tena simu.