Vita na Ebola kwa pamoja
Vita humkimbiza mtu. Maradhi ya kuambukiza humtaka atulie mahali pamoja. Watu wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, walitakiwa kufanya yote mawili. Ebola ilipotangazwa Agosti 1, 2018, walikuwa wamekwisha kuzika ndugu wengi waliouawa na waasi. Sasa wakaambiwa hata maiti ya mama wasiiguse. Wengi wakauliza, nami siwalaumu, kwa nini magari ya misaada yalikuja kwa Ebola na hayakuja kwa mauaji. Majonzi yakawa hasira: Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikachomwa moto. Hadi Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287, na korona ilikwisha kuingia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa penye vita mtu 1 kati ya 5 ana matatizo ya akili. Wauguzi nao wamo humo.