Mgonjwa Anajibu kwa Vidole

Dodoso moja la wauguzi wa tiba shufaa barani Afrika halimtaki mgonjwa aandike chochote. Anaulizwa maumivu yalikuwaje kwa siku tatu zilizopita, naye anajibu kwa mkono: akifumba ngumi, hakuna maumivu; akinyoosha vidole vyote vitano, yamemzidi nguvu. Dodoso hilo, APCA African POS, lilitengenezwa na Chama cha Tiba Shufaa Afrika chenye makao Kampala, kwa kulifanyia marekebisho la Uingereza la mwaka 1999. Lina maswali 10: saba ya mgonjwa, matatu ya anayemuuguza. Kinachovutia, na kukera pia, ni kwamba mkono haubaki na maana ileile. Katika swali la kwanza vidole vitano ni balaa. Likifika la sita, kama moyo umekuwa na amani, vidole vitano ni heri tupu na ngumi ndiyo msiba. Mtu aliyetapika tangu alfajiri anatakiwa ageuze hesabu katikati ya mazungumzo! Watafiti wamejaribu pia nyuso za kuchorwa, na huko Uganda hata picha za madumu ya maji. Lakini mkono hauhitaji kuchapishwa, na mgonjwa hausahau nyumbani.

Kwa nini kuhangaika hivyo, na mdomo anao? Kwa sababu kwetu kuulizana hali ni salamu. Aliye kitandani akiulizwa anaendeleaje humshukuru Mungu kwanza, na mara nyingi huishia hapo. Daktari mwenye foleni mlangoni naye huandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Swali lenye siku zake na kipimo chake humpa mtu ruhusa ya kusema bila kuonekana mlalamishi. Ethan Basch, daktari wa saratani nchini Marekani, ameshikilia hoja inayokaribiana na hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2010 aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba hata taarifa za madhara ya dawa hukosa sauti ya anayeimeza, kwa kuwa humfikia mwenye kuzikusanya kupitia kwa daktari, na njiani uzito wake hupungua. Kisha akaipima hoja yake. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida, jingine likawa linaripoti lenyewe dalili 12 kwa kompyuta. Matokeo yalitoka mwaka 2017: muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 31.2 kwa walioripoti, na 26 kwa wenzao. Ingekuwa dawa mpya, ingetangazwa kwa tarumbeta.

Wapo wanaosema tatu yangu si tatu yako, kwa hiyo namba hizi hazina msingi. Ni kweli haziwezi kumlinganisha Juma na Asha kitanda kwa kitanda. Kazi yake kubwa ni kumlinganisha Asha wa leo na Asha wa wiki jana, na hapo hakuna shahidi aliye karibu kuliko yeye. Picha ya eksirei huonyesha goti lililolika. Haionyeshi nani halali usiku kwa ajili yake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuuliza hakuponyi. Hilo nalikubali, na utafiti wa Basch wenyewe unalithibitisha: dalili ilipozidi, muuguzi alipelekewa taarifa, na zaidi ya mara tatu kati ya nne alichukua hatua. Dodoso lisilo na mtu wa kuwajibika kwa majibu yake ni karatasi ya kufungia maandazi. Uganda ilielewa hivyo mapema. Tangu mwaka 2004 sheria yake inamruhusu muuguzi aliyefunzwa kuandika morfini mwenyewe, bila kumsubiri daktari ambaye huenda yuko wilaya nyingine. Kwa ukosefu wa amani moyoni, aandike nini?

Tena kuna swali la nne la dodoso lile la vidole: je, umeweza kuwaeleza jamaa zako unavyojisikia? Mara nyingi linaulizwa jamaa hao wakiwa wamekaa ukingoni mwa kitanda, na mkono ulioinuliwa huonekana na chumba kizima. Baba aliyeficha hofu yake kwa mwanawe atainua vidole vingapi mbele ya mwana huyo? Na muuguzi akimwomba kijana atoke nje kidogo, si atakuwa amekwisha kumjibia baba yake?