Siku Mbili Tabora: Marafiki kutoka Ng'ambo ya Mpaka kwenye Njia Panda ya Misafara

Utalii wa mjini, yaani safari fupi ambayo msafiri huifanya si kwa ajili ya wanyamapori wala fukwe za bahari bali kwa ajili ya kuuona mji wenyewe, mitaa yake, majengo yake, masoko yake na yaliyowapata watu wake, bado haujazoeleka sana miongoni mwa wakazi wa Afrika Mashariki. Mkazi wa Bujumbura, Kigali au Bukavu anayetaka kutoka na marafiki zake mwishoni mwa juma na kuvuka mpaka huifikiria kwanza Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi, na ni nadra kuikumbuka Tabora, mji uliokuwa ukipokea wageni wa mbali miaka mingi kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860 na kabla reli haijaizaa Nairobi mwaka 1899. Hata hivyo ni miji michache katika eneo hili ambayo mgeni kutoka Burundi, Rwanda au Kongo anaweza kuitembelea kwa siku mbili na kukuta humo sehemu kubwa ya historia ya nchi yake mwenyewe.

Safari yenyewe yahitaji kupangwa mapema, kwa sababu Tabora si jirani wa mpaka wowote. Kwa wanaotoka Burundi njia za barabara ni mbili: ya kwanza huvuka mpaka wa Kobero na Kabanga, hupitia Ngara, Kahama na Nzega, na kuingia mjini kutoka kaskazini; ya pili huvuka Mugina na Manyovu hadi Kigoma, kisha hushika barabara ya Uvinza, Kaliua na Urambo, ambayo kwa sehemu kubwa huongozana na reli na, kwa ujumla, na mwelekeo wa njia ya kale ya misafara kati ya Ujiji na Unyanyembe, jina la nchi ambayo Tabora ilikua ndani yake. Wanaotoka Rwanda huingilia Rusumo. Kila moja ya njia hizi humla msafiri siku nzima, hivyo kikundi kinachotaka kupata Jumamosi na Jumapili kamili mjini sharti kiondoke Ijumaa alfajiri na kukubali kurudi Jumatatu. Vitambulisho vya taifa, vinavyotosha kuvukia kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, havitoshi kuingilia Tanzania. Kila mmoja anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na ni vyema awe pia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Saa za Tanzania ziko mbele kwa saa moja kuliko za Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, jambo dogo ambalo limewahi kuwakosesha wengi basi la asubuhi.

Kikundi kinachofikia katika gesti, yaani nyumba za wageni za bei nafuu, kiwe Cheyo au katika kata nyingine ya Manispaa ya Tabora, hukutana kwanza na kitabu kikubwa cha wageni juu ya meza ya mapokezi, ambamo kila mtu hujaza jina, anakotoka, anakokwenda, kazi yake na namba ya hati yake. Utaratibu huu hauna budi kufuatwa kwa subira, na mgeni mwenye jicho la historia ataona kwamba maswali yale ya kutoka wapi na kwenda wapi ndiyo yaliyoulizwa katika mji huu tangu ulipoanza, kwa kuwa Tabora haikuzaliwa kwa bandari wala kwa mgodi bali kwa njia. Hapa njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika: tawi moja likaelekea magharibi hadi Ujiji, na kutoka huko, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hadi Manyema katika Kongo ya leo, tawi jingine likapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli nayo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata hesabu hiyohiyo, na tawi la Mwanza lilipokamilika mwaka 1928 stesheni ya Tabora ikawa njia panda kama ulivyokuwa mji wa misafara.

Kwa sababu hiyo Jumamosi asubuhi ifaa ianzie Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji, mahali ambapo bajaji au gari la kukodi hufika bila taabu. Hapo pana jumba la makumbusho linalojulikana kama tembe ya Livingstone. Tembe ni nyumba ya udongo na miti yenye paa bapa lililosakafiwa kwa udongo, ambayo vyumba vyake huzunguka ua wa ndani, na ni namna ya ujenzi inayopatikana katika nchi nyingi za katikati ya Tanzania. Ile ya Kwihara ina mlango wa mbao wenye nakshi za pwani, hivyo mgeni anayesimama kizingitini huona kwa mara moja jinsi bara na pwani zilivyokutana, paa likiwa la Unyamwezi na mlango ukiwa wa Unguja.

Katika kitongoji hiki mwandishi wa habari Henry Morton Stanley na mmisionari mpelelezi David Livingstone walifika pamoja mwezi Februari 1872, baada ya kukutana Ujiji mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Stanley aliondoka mwezi Machi kurudi pwani, naye Livingstone akabaki hadi mwezi Agosti akiwasubiri wapagazi zaidi ya hamsini ambao Stanley alimwahidi kumpelekea. Habari hizi hutajwa na karibu kila mwongoza watalii. Linalotajwa kwa haraka mno ni hili: Livingstone alikaa Kwihara miezi mitano bila kupiga hatua kwa sababu hakuwa na watu wa kumbebea, na walipofika ndipo safari ikaanza. Msafara ulikuwa wapagazi. Bila wao palikuwa na mtu mmoja mgonjwa na marobota ya nguo ghalani.

Mpagazi ni mtu aliyebeba mizigo ya msafara kwa ujira, na katika njia hii waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Ni lazima mgeni aelezwe wazi kwamba, ingawa njia hii ilipitisha pia watumwa na mateso yao hayapaswi kufichwa, wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliojiajiri, waliopatana bei kabla ya kuondoka, na waliogoma au kuacha mizigo njiani walipodhulumiwa. Walibeba mzigo wa takriban kilo 30 kwa safari ya miezi mitatu hivi kati ya pwani na Unyanyembe: nguo zilizofungwa kuwa mtumba, ushanga katika mifuko, masongo ya waya wa shaba yaliyoning'inizwa kwenye ncha mbili za mti wa mzegazega, na wakati wa kurudi pwani pembe za ndovu begani. Walilipwa kwa nguo, hasa merikani, yaani kitambaa kizito cha pamba kilichoitwa hivyo kwa kuwa kilitoka Marekani, na kaniki ya rangi ya buluu nzito kutoka India. Chakula chao cha siku kiliitwa posho. Mbele yao alitangulia kirangozi, kiongozi aliyeijua njia, visima na wakati wa kutua kambi, na katika kila nchi walilipa hongo, ambayo wakati huo ilikuwa ushuru wa halali wa mtawala kwa wanaopita katika ardhi yake. Wengi waliondoka wakati wa kiangazi na kujitahidi kurudi kabla ya mvua, kwa kuwa walikuwa wakulima pia, na baadhi yao walifuatana na wake zao.

Kwihara ilikuwa pia mahali pa tukio ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, lingetosha peke yake kumvuta msafiri kutoka nchi nyingine. Livingstone alipofariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, wafuasi wake wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walimkuta ofisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike hapohapo, nao wakakataa. Kisha, kwa kuwa wenyeji wa baadhi ya nchi zilizokuwa mbele hawakutaka maiti ipitishwe kwao, waliufunga mwili ule upya ufanane na mtumba wa nguo na kueneza habari kwamba wameurudisha kuuzika, wakaendelea nao hadi Bagamoyo, walikofika mwezi Februari 1874. Ustadi wa kufunga mtumba, uliokuwa kazi yao ya kila siku, ndio uliowafikisha. Huko London wakubwa walimzika Livingstone katika kanisa la Westminster, na sifa nyingi zikamwendea yeye. Jumba la Kwihara limebeba jina lake hadi leo, ilhali katika mji mzima, uliojengwa kwa jasho la wapagazi, mgeni hukosa jumba linaloitwa kwa jina lao. Serikali ya Tanzania iliiweka Kwihara, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, kama sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe. Ni hatua ya maana, na ingefaa ifuatwe na kibao kimoja tu pale Kwihara kinachowataja Susi, Chuma na wapagazi wenzao, hata kabla ya uamuzi wowote wa kimataifa.

Alasiri kikundi chaweza kurudi mjini na kutembea kwa miguu chini ya miembe, ambayo upandaji wake husimuliwa kuwa ulianza na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani. Boma la Wajerumani, yaani ngome yao ya utawala, lilijengwa baada ya kumshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwezi Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani badala ya kukamatwa. Boma hilo limekuwa likitumiwa na jeshi, hivyo lisipigwe picha. Mgeni wa nchi nyingine hasa na ajihadhari, kwa kuwa picha moja iliyopigwa bila ruhusa yaweza kumaliza safari ya watu wote.

Wageni wa Kongo, Rwanda na Burundi wanapaswa kujua kwamba mji huu ulitekwa tarehe 19 Septemba 1916 na Force Publique, jeshi la koloni la Kongo ambalo askari wake walikuwa Wakongo chini ya maofisa wa Kibelgiji, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur. Vita hivyo, yaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndivyo vilivyoitoa Ruanda-Urundi mikononi mwa Wajerumani na kuiweka chini ya Ubelgiji, na hivyo kuchora mpaka ambao kikundi hiki kimeuvuka kwa pasipoti. Mwaka huohuo, kabla ya kuondoka, Wajerumani waliokuwa wamekatiwa mawasiliano na Ulaya walifua sarafu katika karakana ya reli ya Tabora, zikiwemo za rupia 15 zenye tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani huzitafuta kwa bei kubwa.

Shule ya Wavulana ya Tabora, aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1937, huonekana kwa idhini ya uongozi wake. Alirudi baadaye kufundisha katika shule ya St. Mary's, na mwezi Januari 1958 mkutano wa TANU, chama chake cha kudai uhuru, uliofanyika mjini hapa ulikubali, baada ya mabishano makali, kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpigakura alilazimika kuwachagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Uamuzi huo, unaokumbukwa kama Uamuzi wa Busara, uliiwezesha TANU kushinda bila kumwaga damu.

Jumapili ni siku ya soko na ya watu. Tabora ni mji wa Kiswahili tangu karne ya 19, na wenye asili ya Manyema wangali wanajulikana humo, kwa hiyo mkazi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, au wa Kasongo katika Manyema ya Kongo hahitaji mkalimani. Huamkia wakubwa shikamoo, hujibiwa marahaba, na mazungumzo huendelea. Sokoni kuna matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kuanikwa, ambavyo havihitaji jiko wala havichafui mikono ya mla, na ambavyo kwa safari ndefu ya basi havina mshindani. Kuna asali ya misitu ya miyombo, ambayo warinaji wengi huipata bado katika mizinga ya magome au magogo iliyotundikwa mitini. Afadhali kuionja na kuuliza imetoka wilaya gani kabla ya kununua, na chupa ifungwe kwa mfuko wa pili. Mwezi Novemba hadi Januari maembe hujaa, mvua za mwanzo huleta uyoga, na bei ya vyote viwili hushuka kiasi cha kumfurahisha mtu aliyekuja na fedha ya mchango wa marafiki.

Wanaorudi kwa njia ya Kigoma hupita Urambo, kilomita 90 hivi magharibi mwa Tabora, na wanaweza kushuka bila kuongeza siku ya safari kuliona kaburi la Mtemi Mirambo, aliyefariki mwezi Desemba 1884. Yeye ndiye aliyeifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 katika vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe, na Stanley, aliyekuwa Kwihara na mizigo yake tayari, alilazimika kuzunguka kusini kwa majuma kadhaa ili amfikie Livingstone.