Unataka German Shepherd Nyeri? Cheki hivi vitu tano kabla utume pesa

Kama wezi wameanza kuzunguka boma yenu Othaya, ama unalinda kahawa yako Karatina, mbwa mkubwa ni mpango fiti. Noma ni wakora wa mtandaoni: picha moja kali, namba ya M-Pesa, na "harakisha, amebaki mmoja." Usiuziwe mbuzi kwa gunia. Chanuka hivi:

1. Mwone mama
Enda hadi kwa mfugaji, awe King'ong'o ama Nanyuki. Mama akiwa mwoga sana ama anarukia kila mtu, watoto wanaweza kurithi hiyo tabia. Ukiambiwa "mama yao ako shags," rudi steji.

2. Uliza kuhusu nyonga
German Shepherd, Rottweiler na Boerboel wanasumbuliwa sana na ugonjwa wa nyonga, na huo hutoka kwa wazazi. Mfugaji mpoa huwapiga wazazi eksirei kabla awazalishe. Mwambie akuonyeshe.

3. Hesabu wiki
Asitoke kwa mama kabla ya wiki 8. Hapo ndio anajifunza kuishi na wenzake na kutouma ovyo.

4. Soma kadi ya chanjo
Parvo inaua mtoto wa mbwa kwa siku chache tu: anatapika na kuhara damu. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8, halafu inarudiwa kila wiki 3 ama 4 hadi afike wiki 16. Kwa hivyo "ameshachanjwa" haitoshi. Taka tarehe, stika ya dawa na muhuri wa daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Na kama mbwa mwingine alikufa na parvo hapo kwako, kirusi kinaweza kukaa kwa mchanga miezi mingi. Ongea na daktari kwanza.

5. Karatasi
East Africa Kennel Club, ya Nairobi, ndiyo husajili mbwa wa ukoo. Lakini hiyo cheti inaonyesha ukoo tu, si afya. Namba 2 na 4 bado ziko palepale.

Mfugaji wa ukweli pia atakuhoji: una ua? Nani atamlisha ukienda job? Ukishindwa, atataka umrudishie. Yule haulizi kitu anataka doo yako tu.

Lipa ukishamwona mbwa, na kadi iko mkononi.