Kwa nini 12000 hutangulia 800

Vyungu wanavyofinyanga akina mama wa Kikisi wa Ikombe huvushwa ziwani kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema. Tuseme kijana wa Kyela anawatengenezea tovuti ya bei kwa JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari huielewa. Anaziweka bei kwenye safu: 5000, 800, 12000, 2500. Anaita sort(), amri ya kupanga, akitarajia zianze na ndogo. Anapata 12000, 2500, 5000, 800.

Kompyuta haijaharibika. Usipoielekeza, sort() hugeuza kila kitu kuwa maandishi kwanza, kisha hulinganisha alama kwa alama kuanzia kushoto, kama kamusi. 1 hutangulia 2, basi 12000 imeshapita mbele. Kinachokera ni kwamba bei zote zikiwa na tarakimu nne jibu hutoka sawasawa, na kosa hujificha mpaka siku kitakapoongezwa chungu cha bei kubwa. Majina nayo yana vituko vyake: herufi kubwa hutangulia ndogo, hivyo "Zena" hukaa mbele ya "asha".

Dawa ni kuipa kanuni: sort((a, b) => a - b). Tofauti ikiwa hasi, a hutangulia. Ikiwa chanya, b. Ikiwa sifuri, viwili hivyo hubaki katika mfuatano wao wa awali, sharti lililoingia rasmi kwenye lugha mwaka 2019. Kwa hiyo ukipanga kwa jina kisha kwa bei, vyungu vya bei moja hubaki vimefuata alfabeti.

Kumbuka pia kwamba sort() huivuruga safu yenyewe. Ukitaka ya awali ibaki, tumia toSorted(), iliyoingia mwaka 2023.

Na kuchanganya bila mpangilio? Wengi huipa sort() kanuni ya kubahatisha. Microsoft walifanya hivyo mwaka 2010 kwenye ukurasa wa kuwachagulisha watu wa Ulaya kivinjari. Ulipofunguliwa kwa Internet Explorer, kivinjari hicho chenyewe kiliangukia nafasi ya mwisho kati ya tano karibu nusu ya mara. Haishangazi: sort() hutegemea majibu yasiyojipinga, nayo ilikuwa ikidanganywa kila ikiuliza. Njia ya haki ni ya wanatakwimu Fisher na Yates, ya mwaka 1938. Katika umbo lake la kompyuta, anza na kitu cha mwisho, kibadilishane nafasi na kimoja cha bahati nasibu kati ya vyote hadi hapo, chenyewe kikiwemo, kisha rudi nyuma hatua moja na urudie hadi cha kwanza.