Mashine ya Kuchomelea Melini: Uliza Volti Kabla ya Ampea

Sehemu ya pili

WIKI iliyopita tulizungumzia kibali cha kazi ya moto: nani anakitoa, nani anakagua eneo, na kwa nini mlinzi wa moto haondoki hata baada ya fundi kufunga vifaa vyake. Tulitaja Normandie, meli kubwa ya abiria ya Ufaransa iliyoungua katika bandari ya New York Februari 9, 1942, baada ya cheche za kukatia chuma kuangukia rundo la jaketi za kujiokolea. Leo tunauacha moto, tunaingia kwenye umeme. Mhandisi wa meli anapokwenda dukani kununua mashine ya kuchomelea, aangalie nini?

Wanunuzi wengi huanza na swali moja: "Inatoa ampea ngapi?" Muuzaji hujibu 200, 250 au 300, bei inapatana, mashine inabebwa. Ampea zina umuhimu wake, kwa kuwa ndizo zinazoyeyusha chuma. Lakini usalama wa baharia unategemea kwanza namba nyingine, iliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibao cha mashine: volti zinazokaa kwenye holda wakati mashine imewashwa na hakuna kinachochomelewa.

Umeme na ukarabati wa meli vimejuana kwa zaidi ya miaka mia. Oscar Kjellberg, mhandisi wa Uswidi aliyebuni rodi yenye ganda, alikuwa akihangaika na ukarabati wa meli na boila zake alipoanzisha kampuni ya ESAB mjini Göteborg mwaka 1904. Mwaka 1920 karakana ya Cammell Laird ya Birkenhead, Uingereza, ilikamilisha Fullagar, meli ya baharini iliyoungwa yote kwa kuchomelea. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ni ya zama za ribiti. Leo, iwe kwenye chelezo cha Mwanza, kwenye gati la Mombasa au katikati ya bahari, bomba likitoboka au ngazi ikikatika, mashine ya kuchomelea ndiyo inayoitwa.

Hatari ya melini si sawa na ya gereji. Fundi wa Gerezani au Kamukunji husimama juu ya saruji, na chuma anachokichomelea kiko mbele yake. Melini chuma kiko chini ya miguu, mgongoni, kichwani na ubavuni. Ndani ya tangi la farumi, au kwenye ngama chini ya injini, fundi hulala ubavu, hupiga magoti na kuegemea mbavu za meli. Bodi yote hiyo imeungana na upande wa pili wa mashine. Holda ikimgusa shingoni au kwapani, njia ya umeme imeshakamilika, nayo inapita mwilini mwake.

Ongeza jasho. Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi kikubwa, lakini ngozi iliyolowa jasho na maji ya chumvi hupoteza sehemu kubwa ya kinga hiyo. Katika hali hiyo upinzani wa mwili hukadiriwa kuwa takriban omu 1,000, na wakati mwingine ni pungufu. Sasa tupige hesabu. Transfoma ya kawaida ya mkondo geu, yenye volti 80 kwenye holda, itapitisha miliampea 80 katika mwili huo. Kwa mkondo geu, miliampea 10 hadi 20 zinatosha kuukaza mkono usiweze kuachia. Zikifika 30 hivi, pumzi huweza kubanwa. Kuanzia 50, zikipita kifuani kwa zaidi ya nukta moja au mbili, moyo huweza kupoteza mapigo yake.

Arki inapowaka, volti hushuka hadi kama 25. Zinapanda tena arki inapozimika, yaani wakati fundi anatoa kipande cha rodi kilichobaki, anachomeka kipya kwa glavu iliyolowa, au anajigeuza ndani ya nafasi finyu huku holda iko mkononi. Huo ndio wakati anaodhani amepumzika.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni aina ya mkondo. Mkondo geu, unaoandikwa AC kwenye mashine, hubadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde na kuivuruga misuli kwa kila mzunguko. Mkondo mnyoofu, unaoandikwa DC, nao huua, lakini kwa volti zilezile hauushiki mkono kwa nguvu ileile, na unahitaji ampea nyingi zaidi kuuvuruga moyo. Mwongozo wa Uingereza wa usalama kazini kwa mabaharia wa meli za biashara unapendekeza mashine ya melini iwe ya mkondo mnyoofu usiozidi volti 70, na usiwe na mawimbi makubwa. Ikikosekana, mkondo geu utumike tu endapo mashine ina kifaa ndani yake kinachozuia volti zisizidi 25 kabla ya arki kuwaka.

Maneno kuhusu mawimbi yasipuuzwe. Transfoma ya fezi moja iliyofungwa daiodi hutoa mkondo unaopanda na kushuka, hata kama kibao kinasema DC. Mashine ya inveta, au ya fezi tatu yenye rektifaya nzuri, hutoa mkondo uliotulia zaidi.

Kwenye kibao, volti hizo huandikwa mbele ya alama U₀. Tafuta pia herufi S ndani ya mraba. Chini ya kiwango cha kimataifa cha IEC 60974-1, alama hiyo ina maana kwamba mashine inafaa mahali penye hatari kubwa ya kupigwa na umeme: mkondo geu usizidi volti 48, na mkondo mnyoofu usivuke kilele cha volti 113. Utaona kwamba mwongozo wa mabaharia ni mkali zaidi. Inveta yenye alama ya S na U₀ ya volti 85 imetimiza kiwango cha kiwandani, ila haijatimiza ushauri wa melini. Isome alama, kisha usome na namba.

Dawa ya pengo hilo ni kifaa cha kupunguza volti, kinachotambulishwa kwa herufi VRD. Mashine inapokaa bila kuchomelea, kifaa hicho hushusha volti za kwenye holda, mara nyingi hadi chini ya 25, na kuendelea kupima upinzani kati ya rodi na chuma. Rodi ikigusa chuma, upinzani huanguka karibu na sifuri na volti kamili hufunguliwa. Mwili wa binadamu, hata uliolowa, huwa na upinzani mkubwa kuliko huo, kwa hiyo mlango haufunguki. Mafundi wengine hulalamika kwamba rodi inachelewa kushika, wakakizima. Mashine ambayo VRD yake huzimwa kwa swichi ya nje isinunuliwe kwa ajili ya meli.

Wapo wanaojibu kwamba swichi kuu itakata umeme mtu akishikwa. Haitakata. Upande wa holda umetenganishwa na umeme wa meli kwa transfoma iliyo ndani ya mashine, hivyo kifaa cha kugundua uvujaji kilichoko ubaoni hakioni kinachotokea kwa fundi. Utengano huo ndio unaozuia volti 440 zisimfikie mkononi. Kwa sababu hiyo, mashine za jua kali zilizosukwa kwa waya wa mitumba, ambazo hakuna anayejua hali ya kinga kati ya koili zake, zibaki nchi kavu.

Baada ya mashine, waya. Mabaharia wengi hutumia waya mmoja tu wa kwenda kwenye holda, kisha klempu ya kurudishia umeme inabanwa popote kwenye bodi, karibu na mashine. Kazi iko sitaha ya chini, mashine iko juu, na meli nzima inafanywa waya wa kurudi. Umeme huo huchagua njia zake: bawaba za mlango, beringi za pampu, kamba ya chuma ya kreni, kiungo kilicholegea cha bomba. Beringi huungua kwa ndani bila mtu kujua, na cheche huweza kuruka mbali na macho ya mlinzi wa moto. Kanuni ni waya mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na wa kurudi ubanwe kwenye chuma kilekile kinachochomelewa, karibu na sehemu ya kazi, baada ya kukwangua rangi na kutu.

Waya wa kurudi una umuhimu zaidi meli ikiwa inaelea gatini na mashine iko nchi kavu. Ukifungwa kwenye chuma cha gati, sehemu ya umeme itarudi kwa kupitia maji ya bahari, na pale unapoondoka kwenye bodi kuingia majini, chuma huliwa. Kazi ya siku chache inaweza kuacha vidonda chini ya mstari wa maji, mahali ambapo hakuna atakayeona hadi meli ipande chelezoni.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Rodi ya milimita 3.2 hutumia kama ampea 120. Waya wa shaba wa milimita mraba 35, mita 30 kwenda na 30 kurudi, utapoteza karibu volti 4 njiani. Waya wa milimita mraba 16 utapoteza karibu 8, nazo ni nyingi kwa arki ya volti 25. Rodi itanata, fundi ataongeza ampea, waya utapata moto, kinga yake italainika juu ya sitaha ya chuma. Nyaya nyepesi zinazokuja bure ndani ya boksi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha, panga bajeti ya nyaya nyingine. Holda nayo iwe imefunikwa yote, pasibaki hata skrubu moja ya kuguswa.

Kisha ulizia umeme wa meli yenyewe. Meli nyingi za kimataifa huzalisha volti 440 za fezi tatu kwa hezi 60, wakati umeme wetu wa nchi kavu ni wa hezi 50. Inveta ya bei rahisi ya volti 380, inayovumilia ongezeko la asilimia 15, mwisho wake ni volti 437. Ukiichomeka melini umeshavuka mpaka wake kabla hata ya jenereta kuyumba. Katika meli hizo volti 220 nazo kwa kawaida hazina waya usio na umeme. Waya zote mbili zina uhai. Swichi inayokata waya mmoja itaiacha mashine ikionekana imezimwa huku ndani bado ina umeme. Dai swichi inayokata waya zote.

Mengine kwenye kibao yanasomeka haraka. IP21 inafaa ndani tu. Kwa sitahani tafuta angalau IP23, inayostahimili maji ya kurushwa kwa pembe. Asilimia iliyoandikwa mbele ya X ni sehemu ya dakika 10 ambayo mashine inaweza kuchoma bila kupumzika. Ampea 200 kwa asilimia 35 ni dakika tatu na nusu. Kipimo hicho hufanywa katika nyuzi joto 40, na chumba cha injini huweza kufika 45, basi toa kitu kidogo kwenye ahadi hiyo.

Hapo ndipo ampea zinaporudi mahali pake. Mabano, mabomba, vishikio vya ngazi na viraka vidogo, yaani sehemu kubwa ya matengenezo ya melini, hufanywa kwa rodi za milimita 2.5 na 3.2, ambazo hutaka kati ya ampea 60 na 130. Kazi ya sahani nene za bodi ni ya chelezo na mafundi wake. Kwa meli inayojitengeneza yenyewe, inveta ya ampea 160 au 200, ya mkondo mnyoofu, yenye VRD, alama ya S na volti za umeme wa meli, ni chaguo bora kuliko transfoma ya ampea 300 inayouzwa kwa bei ileile.

Ikifika melini, usiiamini kwa kibao pekee. Kila mara kabla ya kazi, iwashe, kisha pima kwa mita kati ya holda na klempu. Namba ikizidi ile uliyoahidiwa, mashine haitumiki siku hiyo. Kagua nyaya kwa urefu wake wote. Na usimwache fundi peke yake: msaidizi akae karibu, mkono wake ufikie swichi, na awe amefundishwa kumpulizia pumzi aliyepigwa na umeme.

Wenye meli, msimtume mhandisi dukani na bei tu mkononi. Mpeni karatasi yenye masharti haya, na mashine inayokosa hata sharti moja irudishwe dukani kabla haijapanda ngazi ya meli. Wiki ijayo tutaangalia moshi na hewa ndani ya matangi: rangi, zinki, na kwa nini gesi ya agoni huweza kumuua fundi asiyesikia harufu yoyote.

Itaendelea.